Mteja yumo kwenye HashSet (mkusanyiko wa Java usiorudia vitu) ila contains, inayoangalia kama kitu kimo, inasema hayumo

Mkuu HashSet haina shida, hashCode yako (namba inayoamua mteja akae kapu gani ndani ya HashSet) inatokana na namba ya simu alafu wewe unaibadili namba mteja akiwa tayari ndani, sasa Java ikimtafuta inaenda kapu la namba mpya wakati yeye bado kakaa kwenye kapu la zamani, ndo maana unapata false hata ukiipa contains obijekti ileile. Tumia ID aliyopewa tangu anaundwa, ifanye final (isibadilike tena), equals (inayolinganisha kama wateja wawili ni sawa) na hashCode zote zisome hiyo hiyo. Ukilazimika kubadili namba sasa hivi, remove kwanza, badili, ndo umrudishe. Alafu equals yako inapokea Mteja badala ya Object, HashSet haitaiita kabisa hiyo, yenyewe inaita ile ya Object! Weka @Override (alama ya kusema unabadili method iliyokuwepo tayari) juu yake, kompaila ikushtue mapema ukikosea.