Kinga ya wadudu kwenye boneti: angalia ukingo kwanza

Habari ndugu. Nimekuelewa: pikapu yako ni mpya, unasafiri usiku barabara kuu, wadudu wanaganda kwenye boneti na kioo, na hujui kama ile kinga ya plastiki inayofungwa kwenye ukingo wa mbele wa boneti inafaa au itaharibu rangi.

Kabla ya kununua, pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa boneti. Ukihisi vishimo vidogo vilivyoachwa na kokoto, funga hiyo kinga. Hapo ndipo kinga inafanya kazi kweli, maana inapokea mawe badala ya rangi. Kwa wadudu usitarajie makubwa. Upepo unawarusha juu baadhi yao, wengine watafika kwenye kioo vilevile.

Mimi nilikaa nayo miaka mitatu. Nilipoivua kuisafisha, nilikuta mstari wa mchanga mwembamba umejibana nyuma yake, na rangi imesugulika ikapoteza mng'ao, upana wa kidole hivi. Iliniuma sana. Kumbe ilikuwa inatikisika kidogo kwa mwendo kasi. Kwa hiyo chagua inayoacha nafasi nyuma yake ya kupitisha maji ya mpira wa kuoshea gari, na usikubali boneti itobolewe, kutu itaanzia hapo. Klipu au gundi ya pande mbili zinatosha.

Kama ukingo bado ni safi na shida ni wadudu tu, mimi ningeiacha. Lowanisha kitambaa, kilaze juu yao dakika kumi, futa taratibu siku hiyohiyo. Wakikaa juani wanakula rangi.