Jibu: Gesi ipo Kinyerezi, mbona Chumbageni umeme unakatika?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini mtaani kwako Chumbageni, hapa Tanga, umeme unakatika kila manyunyu yakianguka, ilhali Kinyerezi, Dar es Salaam, kuna mitambo ya kuzalisha umeme kwa gesi.

Kwanza toka nje uangalie majirani. Kama wao wanao, kagua swichi kuu na uniti za luku. Kama kila manyunyu yakianguka mnazimika transfoma nzima huku Ngamiani taa zinawaka, gesi haihusiki. Tatizo lipo kwenye njia ya umeme, yaani nguzo na nyaya. Mimi nipo Raskazone, karibu na bahari, na hali hiyo naifahamu: chumvi na vumbi huganda kwenye vikombe vya nguzo (vile vinavyoshika waya usiguse nguzo), manyunyu yakivilowesha umeme unavuja. Usiku utasikia nguzo inachachatika, utaona na cheche za bluu. Usiisogelee hata kidogo! Piga simu ya dharura, taja namba iliyoandikwa kwenye nguzo, mafundi wasihangaike kuitafuta.

Gesi ina kazi nyingine. Inatoka kwenye visima vya Songo Songo na Mnazi Bay, inachomwa Ubungo na Kinyerezi. Kinyerezi II, yenye megawati 240, hutumia hata joto la moshi wake kuchemsha maji, mvuke ukazungusha mtambo mwingine. Uzuri wake haingoji mvua: kiangazi maji yakipungua kwenye vituo vya umeme wa maji vya Hale na Pangani, gridi inaegemea gesi, nasi Tanga tunapata kupitia njia ya Chalinze. Uzalishaji ukipungua unakuja mgao, na mgao huenda kwa zamu mtaa hadi mtaa, haufuati manyunyu.

Andika saa na hali ya hewa kila unapokatika, kisha tuwekee hapa.