Ramu nzee ya Demerara: maswali yenu

Tangu nigusie ramu za Guyana, ile nchi ya Amerika Kusini unapopita mto Demerara, mmenitumia maswali kibao, najibu haya machache.

Shemeji kaniletea El Dorado, ramu ya Guyana, ya miaka 15 toka London, washkaji wanataka tuipige na koka. Inakuwaje?

Mkuu chupa ni yako lakini jamani! Koka itieni ramu ya bei chee. Hii mimina kidogo tu kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, hata ile ndogo ya waini inafaa, afu iache dakika kumi hivi. Usiizamishie pua maana ina kilevi asilimia 43, itakuunguza na hutanusa kitu tena, we weka pua juu ya ukingo huku mdomo umeuachia wazi kidogo. Kwanza inakuja sukari guru na zabibu kavu, halafu vanila, ukizidi kutulia unapata ganda la chungwa lililokauka, tumbaku, kahawa isiyo na sukari, na kwa mbali mbao iliyopakwa vanishi, hiyo ndo mi huwa naisubiri. Fundo la kwanza ni la kuzoesha mdomo tu, usilihukumu. La pili lizungushe taratibu: utamu unatangulia, afu ule ukavu wa pipa la mwaloni unakaza ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na ukishameza ladha inabaki kooni muda mrefu tu.

Barafu je?

Mwanzoni hapana, inafunga harufu. Matone mawili matatu ya maji, hapo sawa.

Miaka 15 ya ramu si sawa tu na miaka 15 ya wiski?

Kwa hizi za Guyana hiyo namba ni umri wa ile ramu changa kuliko zote zilizochanganywa mle, kwa hiyo mpaka hapo ni sawa na wiski ya Scotland. Tofauti ni joto. Scotland pipa linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka, inayeyuka hewani tu, Guyana kuna joto mwaka mzima inapotea mara kadhaa ya hapo, na mbao inatoa ladha fasta zaidi. Ndo maana usikimbilie namba kubwa, zingine mbao imeshameza kila kitu unabaki unakunywa pipa. Mapipa yenyewe mengi yametoka Marekani, kule sheria inataka bourbon, wiski ya kwao, ikae kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, sasa likishatumika mara moja linauzwa, na watu wa ramu wanalichukua.

Nyeusi zaidi ndo imekaa zaidi?

Hapana bana. Ramu ikitoka mtamboni haina rangi kabisa, pipa linaipa rangi kiasi, weusi wa kutisha mara nyingi ni karameli. Zipo Demerara nyeusi tii ambazo ni changa tu.

Nasikia wanatia sukari, kweli?

Kuna El Dorado zilizopimwa Ulaya zikakutwa na sukari ya kutosha kuhisika mdomoni. Sio sumu na wengi wanaipenda hivyo hivyo, ila ujue unalipia nini. Jipime mwenyewe: acha tone glasini mpaka asubuhi likauke, ukigusa panata basi jibu unalo.

Nasikia Guyana ramu inapikwa kwenye mitambo ya mbao, ni stori za matangazo au ipo kweli?

Ipo! Iko kiwandani Diamond, kando ya mto Demerara, chini ya kampuni ya Demerara Distillers, hao hao wa El Dorado. Zamani mashamba ya miwa yalikuwa yanapika ramu yao wenyewe, yalivyofunga moja baada ya jingine mitambo ikahamishwa mpaka michache iliyobaki ikaishia hapo. Upo wa Port Mourant wenye vyungu viwili, Versailles wenye kimoja, na Enmore ambao ni mnara wa mbao wa 1880, yote ya greenheart, mti wa kwao mgumu balaa. Ule wa Port Mourant kampuni inasema ni wa 1732, ila mbao zikichoka zinabadilishwa kwa hiyo usidhani kila ubao ni wa enzi hizo. Ramu yake ni nzito, ina harufu ya shamari, na iliingia kwenye ule mgao wa kila siku wa mabaharia wa jeshi la Uingereza uliofutwa tarehe 31 Julai 1970. Kwa hiyo hiyo 15 ya shemeji ukinusa shamari usilisifie pipa, hiyo imetoka mtamboni kabla haijaona mwaloni.

Imebaki robo chupa, itaharibika?

Haiozi, ila hewa inailegeza harufu miezi ikipita. Hamishia kwenye chupa ndogo ijae, kaza kizibo na uisimamishe, ukiilaza kilevi kinakula kizibo na utakuja kunywa makombo yake.