Maswali ya wasomaji: Ujuzi bila cheti, mkopo wa halmashauri na bei ya unga

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: maisha yamepanda, kazi zinataka mafundi wenye vyeti, je, mkoa na halmashauri vinatusaidiaje? Tumechagua nne.

*Nachomelea mageti na madirisha hapa Kahama mwaka wa tisa sasa. Ufundi nilifundishwa mtaani. Kazi za shule na zahanati zikitoka naambiwa nilete cheti. Chuo miaka miwili siwezi, nina watoto wanne. Nifanyeje?*

Huhitaji kuanza upya, ndugu yetu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu, uulize tarehe za tathmini na uchukue fomu. Jaza fani moja tu, ile unayoifanya kila siku. Uliza pia kama kuna awamu inayogharamiwa na Serikali kabla hujatoa fedha yako, kwani awamu hizo zipo na mafundi wengi hawazisikii.

Ushahidi ndio unaowachelewesha watu. Andaa picha za kazi zako tangu bomba zinakatwa hadi geti linasimama, barua ya aliyekufundisha au ya wateja wawili watatu, na barua ya mtendaji wa mtaa kuthibitisha kwamba kazi hiyo unaifanya hapo. Picha ya geti lililokamilika peke yake haimwambii mpimaji nani alilitengeneza.

Kwenye tathmini kuna mahojiano na kazi ya mikono. Fundi wa mtaani kwa kawaida hashindwi na mikono, hukwama kwenye mchoro, vipimo na usalama. Utapewa mchoro na kuambiwa ukate, uunge na upime pembe. Utaulizwa kwa nini umeweka ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) hizo. Fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 hutumia takriban ampea 60 hadi 90, ya milimita 3.2 takriban 90 hadi 130. Ukizidisha, bomba jembamba linatoboka. Ukipunguza, fimbo inanata na chuma kinakaa juu juu bila kushika. Wewe hilo unalijua kwa macho na masikio, sasa jifunze kulisema kwa namba. Na usiende bila glovu, viatu vya kufunika na kinga ya uso yenye kioo cheusi. Ukionekana na upungufu, unapewa mafunzo mafupi ya eneo hilo, kisha cheti.

Mafundi umeme watuwie radhi kwa kuwakumbusha: cheti hakichukui nafasi ya leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Vinahitajika vyote viwili.

Ukishapata cheti, tafuta wenzako muunde kikundi. Sheria ya Ununuzi wa Umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kazi hizo hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, na kikundi ambacho hakijasajiliwa humo hakionekani hata kiwe na mafundi bora wilayani. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

*Tuko akina mama watano, tunashona sare za shule Singida. Tumesikia mikopo ya asilimia 10 imerudi. Tunaogopa, kuna kikundi jirani kilikopa kikavunjika.*

Imerudi. Ilisitishwa 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Wanachama watano mnatosha, mradi hakuna mwenye ajira rasmi.

Mnahitaji katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa wenye saini za wote, namba za NIDA, cheti cha usajili wa kikundi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na andiko la mradi. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa mtandao, na yanaanzia kwenye kata. Halmashauri 10 ziliteuliwa kutoa mikopo hii kupitia benki, kwa hiyo ulizeni yenu inatumia njia ipi.

Hofu yenu ina msingi, nasi tungependa mkae nayo kidogo. Vikundi huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza, fedha inagawanywa kila mtu achukue yake, na hapo hakuna mradi tena. Ya pili, andiko linaandikwa kwa bei za zamani. Profoma (karatasi ya bei kutoka dukani) ya cherehani mliyoichukua Januari haitanunua cherehani hiyo Julai, kwa hiyo chukueni profoma mpya kutoka maduka mawili wiki mnayowasilisha, na muweke nafasi ya kupanda kwa bei. Ya tatu, mkopo wote unaishia kwenye mashine, hakuna fedha ya vitambaa, uzi na kodi ya fremu. Ya nne inatuuma zaidi: kikundi kinanunua mashine ya umeme wa fezi tatu wakati fremu ina fezi moja, au overloki (mashine ya kuziba kingo za kitambaa) ambayo hakuna hata mmoja anayejua kuitia uzi. Mashine inafunikwa turubai huku deni likitembea. Mmoja wenu asome kozi fupi ya mashine hiyo *kabla* ya kununua.

Pigeni hesabu hii kwa mfano. Mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24 ni 250,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni takriban 9,620 kila siku, baada ya kodi, umeme na vitambaa. Sare zina msimu, hivyo andikeni pia mtashona nini shule zikiwa katikati ya muhula. Kama daftari lenu la miezi mitatu iliyopita halionyeshi kiasi hicho, ombeni kidogo zaidi.

*Kwa nini Mkuu wa Mkoa hashushi bei ya unga na nauli?*

Hana mamlaka hayo. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi. Ofisi ya mkoa inasimamia na kushauri halmashauri, ila ushuru na sheria ndogo viko mikononi mwa madiwani. Hapo ndipo pa kusukuma. Tozo ya meza sokoni hupitishwa na baraza la madiwani, na rasimu ya sheria ndogo inatakiwa kutangazwa ili wananchi watoe maoni kabla haijapita. Watu huja kulalamika ikiwa imeshapita.

Kuna jambo wafanyabiashara wadogo hawalijui: tangu 2017, mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yakisafirishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Ukilipishwa chochote kizuizini, dai risiti ya mashine.

*Binti yangu aliacha shule akiwa mjamzito. Ana mtoto wa mwaka mmoja, anataka ushonaji au upishi. Ada nitaiweza?*

Ulizia kwanza Chuo cha Maendeleo ya Wananchi wilayani kwako. Vyuo hivi viko 54 nchini, na vingi vinapokea mama na mtoto wake, vikiwa na mahali pa kulelea watoto wakati wa masomo. VETA nako ada ya kozi ndefu ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, lakini ada siyo inayowarudisha watu nyumbani. Vitambaa vya mazoezi, sare, nauli na chakula ndivyo vinavyozidi. Omba orodha ya mahitaji kwa maandishi, uende nayo sokoni kupata bei zake, ndipo uamue kutwa au bweni.