Maswali ya udongo: mbolea ya jalala, oili ya gereji na jiko la dhahabu

Barua za wiki hii zimetoka Nakuru na magharibi, na nyingi zinauliza jambo moja: udongo ukishaingiwa na kitu, kitatoka? Inategemea ni kitu gani.

Bwana Shamba, kuna vijana wanauza udongo mweusi wa jalala la zamani, mkokoteni kwa bei ya chini. Sukuma wiki yangu imeupenda sana. Kuna shida? (Mama wa Nyalenda, Kisumu)

Mama, sukuma haina mdomo wa kukuambia imekula nini. Rutuba ipo kweli, maana maganda ya ndizi na mabaki ya samaki yameozea humo. Lakini majalala yetu, iwe Kachok kwenu au Gioto huku Nakuru, yamepokea taka zikiwa zimechanganyika: betri, balbu, mikebe ya rangi, vyuma. Maganda yaliisha. Madini ya risasi na kadimiamu hayaozi, yanakaa tu yakisubiri mizizi. Mboga za majani huyabeba kuliko mahindi au nyanya, na vumbi lenyewe hung'ang'ania majani.

Ninayemhofia zaidi ni mtoto anayecheza hapo na kutia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Acha kununua udongo huo. Pale ulipokwisha kuumwaga usipande mboga mpaka upimwe, na watoto wacheze kwingine. Samadi ya ng'ombe inatosha, hata kama inakuja na magugu yake.

Nimenunua ploti iliyokuwa gereji. Udongo unanuka oili, hata nyasi hazioti. Nifanye nini ili nilime? (Kijana wa Nakuru)

Oili ndiyo nafuu. Bakteria na kuvu wa udongoni huila, polepole, mradi wapate hewa, unyevu na chakula. Lima, changanya samadi nyingi, nyunyiza maji kidogo, pindua tena baada ya wiki kadhaa. Itachukua misimu.

Kinachonitia wasiwasi ni betri za magari. Gereji nyingi huzipasua na kumwaga asidi papo hapo, na risasi yake haina bakteria wa kuimaliza. Isitoshe, petroli ya Kenya ilikuwa na risasi hadi 2006 hivi, kwa hiyo gereji kuukuu ina mzigo maradufu. Ningekuwa wewe ningejenga nyumba hapo, niweke saruji uani, na mboga nipande kwenye magunia yenye udongo wa kutoka kwingine.

Miaka yote napanda mahindi kwa DAP. Sasa yanakuwa ya manjano na mizizi ni mifupi. Mbolea nayo ni uchafu? (Mkulima, Kakamega)

Ikizidi na kurudiwa bila kupumzika, ndiyo. Amonia iliyomo huongeza asidi, na udongo wa magharibi wenye mvua nyingi tayari una asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Pima kwanza, kisha weka chokaa ya kilimo wiki chache kabla ya kupanda. Chokaa ya Koru, huko Kisumu, iko karibu nawe.

Mume wangu huchoma dhahabu yenye zebaki kwenye jiko letu la makaa. Nina mimba. (Migori)

Dada, hili halingoji msimu. Mvuke wa zebaki hauonekani, na ndani ya nyumba ndipo unapoua zaidi. Huathiri neva, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko wewe. Jiko hilo lisipikiwe tena, na sufuria iliyotumika usiirudishe jikoni. Uende kliniki uwaambie wazi kuhusu zebaki, hata wasipouliza. Mumeo, kama ni lazima achome, achomee mbali na watu, kwa kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke. La sivyo hutua udongoni, mvua huupeleka mtoni, na kwenye tope la maji hugeuka kuwa sumu inayojaa kwenye samaki.

Majivu ya vipande vya nguzo za stima yanafaa shambani? (Mzee wa Molo)

Hapana, mzee. Nguzo zenye rangi ya kijani zimetiwa shaba, kromiamu na aseniki, na moto huyaacha mengi ya madini hayo ndani ya majivu. Zile nyeusi zenye harufu ya lami nazo usichome, wala usichomee nyama. Majivu ya kuni za kawaida hayana neno, ila usimwage debe zima mahali pamoja.