Nitatoka lini? Jibu kwa mnaoanza kuigiza

Wadogo zangu, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Kaka, nitatoka lini?" yaani lini nitajulikana. Anayeuliza mara nyingi ameshacheza sini mbili, moja mlinzi wa geti, ya pili maiti. Siku hizi sijibu. Namwambia akae, niagize chai, nimsimulie habari za Demián Bichir.

Jina huenda hulijui lakini sura umeiona. Ni yule padri wa filamu ya The Nun ya mwaka 2018, anayetumwa Romania kuchunguza kifo cha mtawa, akajikuta amefukiwa hai kaburini. Bichir ni Mmexico, kazaliwa 1963, baba na mama wote watu wa jukwaa. Mwaka 1977, akiwa bado kijana mdogo, aliingia kwenye tamthilia ya televisheni iliyoitwa Rina. Januari 2012 jina lake likatajwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, pamoja na George Clooney, Brad Pitt, Gary Oldman na Jean Dujardin, ambaye ndiye aliyeichukua. Bichir alikuwa na miaka 48. Kabla yake, Mmexico aliyewahi kuwania tuzo hiyo ya mhusika mkuu alikuwa Anthony Quinn, mzaliwa wa Chihuahua, enzi za babu zetu. Piga hesabu mwenyewe kati ya 1977 na 2012, kisha uniulize tena utatoka lini.

Najua mtakachosema: huyo alikuwa na koneksheni. Ni kweli, na sitaficha. Kaka zake Odiseo na Bruno nao ni waigizaji, na ukoo wao ulijaa kwenye filamu za Mexico kiasi kwamba tuzo za MTV za huko ziliwahi kuweka kipengele cha utani, "Bichir bora ndani ya filamu". Lakini alipokwenda Marekani kijana, hilo jina halikumfungulia mlango hata mmoja. New York alifanya kazi mgahawani. Akahamia Los Angeles, mambo hayakunyooka, akarudi kwao. Mimi hapo ndipo ninapompendea, maana kurudi nyumbani hakukumfanya mtu aliyeshindwa. Alicheza filamu ya Hasta morir, ya 1994, ikampa tuzo ya Ariel, ambayo kwa Wamexico ndiyo kubwa kuliko zote za sinema. Mwaka 1996 alikuwa kwenye Nada personal, tamthilia ya TV Azteca iliyothubutu kugusa siasa na uhalifu wakati tamthilia nyingi zilikuwa bado ni binti maskini na tajiri anayempenda. Mwaka 1999 ikaja Sexo, pudor y lágrimas, ikajaza majumba ya sinema nchi nzima. Ndipo Marekani ikaanza kumpigia simu.

Tamthilia msizidharau. Sisi tuliokua tunatazama zile za Mexico, midomo inasema Kihispania na sauti inatoka Kiingereza, tulizoea kuzicheka. Lakini tamthilia ya kila siku inashutiwa kwa kasi ya ajabu, sini juu ya sini, kila moja inarekodiwa mara moja au mbili, basi. Mexico walifika mahali wakawa wanawavalisha waigizaji kidude sikioni, mtu yuko pembeni anawasomea maneno, nao wanayatamka hapohapo. Kinarahisisha kazi, lakini mtu anayesubiri neno sikioni macho yake huwa hayapo kwa mwenzake. Ukitazama kwa makini unaliona. Kwetu kidude hatuna, tuna ugonjwa wake mwingine: skripti inafika asubuhi, mnaambiwa "ongeeni tu, mnajua stori". Ndiyo maana anayeanza namsukuma kwanza jukwaani, hata kikundi cha mtaani, na mwenye uwezo aende Bagamoyo chuoni. Jukwaani hakuna wa kukukumbushia.

Sasa nije kwenye kile hasa nilichotaka kuwaambia.

Filamu iliyompeleka Oscar ni A Better Life, ya mwongozaji Chris Weitz, ya 2011. Bichir ni Carlos, mtunza bustani wa Los Angeles, mhamiaji asiye na karatasi za kuishi Marekani, anayemlea mwanawe peke yake. Amekopa pesa kwa dada yake, amenunua gari la kazi la bosi wake, pikapu yenye vifaa vyote. Siku ya kwanza tu na gari lake, anapanda mti mrefu wa jamii ya mtende kwenda kupunguza makuti. Kibarua aliyemchukua yuko chini. Carlos akiwa juu kule anamwona yule mtu anaingia kwenye gari na kuliondoa.

Itazameni sini hiyo mara ya pili mkiwa mmezima sauti. Mwangalieni jinsi anavyojifunga mkanda, anavyousogeza juu hatua kwa hatua, uzito unavyohama mguu huu kwenda ule. Mkwezi yeyote wa Tanga angesema huyu anaijua kazi. Hajatuonyesha huzuni wala matumaini, ametuonyesha mtu anayepanda. Ndiyo maana gari linapoondoka huhitaji kuambiwa kitu: umeshaona kwa mwili wake kwamba kushuka kutachukua muda, na gari halitamsubiri. Angekuwa amepanda kama mwigizaji, sini ingekufa. Na mwishoni, anapozungumza na mwanawe wakiwa kituo walikofungiwa wahamiaji, machozi yake yanaaminika kwa sababu mikono ile tumeiona ikifanya kazi saa nzima kabla.

Mimi hili nililijifunza kwa aibu. Zamani kidogo nilipewa nafasi ya fundi seremala kwenye tamthilia fulani. Ilikuwa na sini ya kulia, nikajifungia wiki nzima nafanya mazoezi ya kulia. Siku ya kushuti nikalia kweli, hadi dada wa mavazi akalia. Ila fundi aliyejenga seti alikuwa amesimama pembeni anatikisika kwa kicheko. Kumbe nilikuwa nasukuma randa kinyume cha nyuzi za mbao, na kidole gumba kimekaa mahali ambapo seremala wa kweli angeshakikata. Mwongozaji hakuona, mhariri hakuona, ikarushwa vilevile. Usiku huo mjomba wangu, seremala wa miaka yote, akanipigia: "Mwanangu, ule ubao ulikukosea nini?" Kuhusu machozi yangu hakusema neno.

Basi ukipewa nafasi, uliza kwanza huyu mtu anafanya kazi gani, kisha nenda kwa anayeifanya. Muuza chipsi hageuzi mayai kama wewe unavyogeuza nyumbani. Konda hashiki noti kama abiria.

Lafudhi nayo ni kazi ya mwili, si pambo. Bichir alipocheza Fidel Castro kwenye filamu ya Che, ya 2008, alikuwa Mmexico anayesema Kihispania cha Kikuba mbele ya watu wanaoijua sauti ya Castro kwa miaka 50. Huwezi kuwadanganya watu hao. Sisi tukipewa nafasi ya Mzanzibari tunarusha "yakhe" mbili tukadhani tumemaliza, na Mkongo tunamfanya kichekesho. Kaeni na watu. Kiswahili cha Lubumbashi kina mwendo wake, hakisomwi dakika tano kabla ya kamera. Kwa Kiingereza, yeye lafudhi yake anayo hadi leo na hajahangaika kuifuta. Ndiyo aliyoingia nayo kama Marco Ruiz, mpelelezi kutoka Juárez, kwenye The Bridge ya 2013, tamthilia inayoanza kwa mwili uliolazwa juu ya mstari wa mpaka wa Marekani na Mexico.

Na msiogope nafasi isiyo na maneno mengi. Kwenye The Hateful Eight ya Tarantino, 2015, chumba kimejaa wazungumzaji hatari, yeye ni Bob wa Mexico. Kuna mahali mwenzake anasimulia hadithi ndefu, kamera yote iko huko, na Bob yuko kwenye piano anahangaika na wimbo wa Krismasi. Anaubonyeza kama mtu asiyeujua vizuri. Sini ile ukiiondolea piano inapungua nusu.

Kuhusu malipo sina mengi: saini kabla ya kuvaa. Nimewahi kuvaa kabla ya kusaini, na pesa ile naidai mpaka leo.

Aliyeniuliza mara ya mwisho ni kijana wa Mbagala. Amepata sini moja, muuza maji wa stendi, sentensi mbili: "Maji baridi hayo," na "Chenji sina, mama." Akaniomba nimsaidie kuzitamka kwa hisia. Nikamwambia aende stendi ya Mbezi siku tatu, aombe kwa wale vijana abebe beseni kichwani, auze kweli. Aliondoka amenuna.

Juzi karudi. Anasema chupa zikipungua upande mmoja beseni linavuta, kwa hiyo kila ukiuza lazima uzipange upya huku unakimbilia basi, ndiyo maana hawaitazami sura ya mteja. Sentensi zake hakuzitaja tena. Shingo inamuuma.