Upinde wangu unapinda upande mmoja tu, nakosea wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nachonga upinde wa mkole, vifaa nilivyonavyo ni panga, randa, kisu na msasa basi. Wa kwanza ulikatika kwa mgongoni hata sijauvuta nusu. Huu wa pili mkono wa chini unapinda sana kuliko wa juu, naukwangua huo wa chini lakini ndo unazidi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Sasa mdogo wangu unakwangua palepale penye udhaifu, utaachaje kuzidi? Mti ukishautoa haurudi, kwahiyo mkono wa chini uache kabisa usiuguse, kazi yako iko kwa ule wa juu, uupunguze mpaka ulegee sawa na mwenzake. Utapoteza nguvu kidogo, ndo hivyo. Ila kama upinde ni mrefu wa kutosha kata kama inchi moja kwenye ncha ya chini, mkono ukiwa mfupi unakuwa mgumu zaidi, alafu endelea na wa juu.

Jinsi ya kujua wapi pa kukwangua: tafuta kijiti kilichonyooka vizuri, sentimita 15 hivi, vuta upinde kidogo (mtu akushikie) na ukipitishe taratibu kwenye tumbo, yaani ule upande unaokutazama wewe ukivuta. Pale ambapo mwanga unaonekana mkubwa katikati ya kijiti na mti, panapinda sana, paache. Pasipo na mwanga ni pagumu, weka alama ya penseli ukwangue hapo. Randa iweke pembeni sasa hivi maana inakula nyingi kwa mkupuo, tumia kisu ukikishika wima au kipande cha kioo, kwangua mara chache, vuta mara 20 au 30 vifupi ili mti uzoee, ndo uangalie tena. Inachosha lakini hakuna njia ya mkato, na usivute kupita uzito wa kuvuta (nguvu ya upinde) unaoutaka hata siku moja eti unajaribu.

Huo uliokatika mgongoni nahisi uliupiga randa ukanyooka ukapendeza. Mgongo, upande unaotazama shabaha, ndo unaovutwa, na ukizikata nyuzi zake zinaachana. Kwa tawi la mkole menya ganda tu, kile kilicho chini ya ganda kiache kama kilivyo na mabonde yake yote, uchonge tumbo na pembeni basi. Miti yetu mingi pete zake (ile mistari ya ukuaji ndani ya mti) hazionekani vizuri za kuzifuata, kwahiyo hiyo ndo njia ya uhakika. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanatoa pinde kali kwa shoka na kisu tu, vifaa sio tatizo lako.

Kuhusu kukausha hujasema, nakuambia tu, mti mbichi haukatiki haraka ila unabaki umejikunja hata ukivua kamba. Chonga umbo la juujuu kwanza, paka gundi au rangi kwenye ncha zote mbili usipasuke, funga kwenye ubao ulionyooka, weka kivulini penye hewa. Upime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku chache, uzito ukigoma kushuka umekauka.

Na ukishauvuta usiuachie bila mshale, hata kwa kuwaonyesha washkaji, nguvu yote inarudi kwenye mti na unaweza kupasuka hapohapo mkononi.